Mto wa choroko na lenzi ya kilo mbili: namna ya kuituliza kamera ukiwa mbugani

Dada yule alishuka kwenye basi la Dar akiwa na begi la kamera mgongoni na stendi ya miguu mitatu begani, kama mtu anayekwenda kupima viwanja. Stendi yenyewe nzuri, nzito, ilikuwa imemla laki sita na ushee. Alfajiri ya kesho yake tulikuwa tunaondoka Arusha kwa safari ya siku nne: Tarangire, kreta ya Ngorongoro, kisha Ndutu, kusini mwa Serengeti. Nikamwambia, “Dada, hii mwachie mwenyeji wako.” Akanitazama kama nimemwambia aache mtoto.

“Sasa kaka, lenzi yote hii nitaiegemeza wapi?”

Nikafungua mlango wa nyuma wa Landkruza, nikamrushia mto wangu wa choroko. Aliudaka kwa mikono miwili, ukamvuta chini, akacheka. Kufika siku ya tatu alikuwa kiti cha mbele, mto kaulaza dirishani, na mimi mwenye mto ndiye niliyekuwa naomba kuazimwa.

Ninaendesha wageni mbuga za kaskazini tangu 2009, na tangu 2014 napiga picha mwenyewe kwa kamera niliyouziwa na mgeni aliyechoka kuibeba. Vifaa vya kushikilia kamera nimeviona vya kila namna, na vingi vimerudi kwao bila kufunguliwa. Kosa huwa ni lile lile: mtu ananunua kwanza, halafu ndiyo anauliza atakaa wapi. Wewe anza na kiti. Utapanda gari gani? Utapigia dirishani au paani? Kuna siku ya mashua, au ya kutembea kwa miguu? Ukishajua hayo, orodha ya vya kununua inabaki fupi sana, na kingine utakishona mwenyewe.

Ndani ya Serengeti au kreta ya Ngorongoro hushuki kwenye gari hovyo. Unashukia getini, sehemu za kulia chakula, na maeneo machache kama bwawa la viboko la Retima. Kwa hiyo ardhi ya kusimamisha miguu mitatu huna. Ndani ya gari nako stendi ya namna hiyo inaingia kwa shida: mguu mmoja juu ya kiti, wa pili sakafuni, wa tatu kwenye goti la jirani. Jirani akikohoa tu, simba anatoka na vichwa viwili. Gari lenyewe ndilo stendi yako, na kazi iliyobaki ni kutafuta kitu cha kukaa kati ya lenzi na bodi.

Magari mengi ya huku ni Landkruza zilizorefushwa, paa linainuliwa juu na kubaki limesimama kama mwavuli. Mlango wa mbele kioo kinashuka chote, na hapo ndipo penye dirisha bora la picha katika gari zima. Nyuma mara nyingi vioo ni vya kusukuma pembeni; vinafunguka nusu, na chini yake kuna reli ya aluminiamu nyembamba kama ukingo wa sahani. Paani, ukingo humfika kifuani mtu wa kimo cha kawaida. Kwa mtu mfupi humfika mabegani, naye itabidi apande juu ya kiti (vua viatu, tafadhali, viti tunaosha sisi).

Kabla ya kulipia, mwombe mwenye gari akutumie picha za WhatsApp za mambo matatu: dirisha la nyuma likiwa wazi, ukingo wa paa kwa karibu, na nafasi kati ya viti. Akikutumia picha ya gari limeoshwa limeegeshwa mbele ya hoteli, mwombe tena. Kama safari yako ni ya Kenya, uliza pia kama ni Landkruza au ni ile basi ndogo ya paa la kuinua, kwa sababu madirisha yake ni tofauti kabisa. Na kwenye hifadhi binafsi zinazopakana na Maasai Mara kuna magari yasiyo na madirisha wala milango ya kuegemea. Kule mto utaulaza gotini au kwenye bomba la kiti cha mbele.

Wengi wakiona paa limefunguka wanasimama siku nzima. Kwa tembo na twiga, sawa. Kwa nyumbu wakiwa wengi hadi upeo wa macho, paa ndilo lenyewe. Lakini simba aliyelala, ukimpiga kutoka juu, anatoka kama ngozi iliyoanikwa. Shuka, kaa dirishani, lenzi iwe usawa wa macho yake au chini zaidi. Picha zangu ninazozipenda zimetoka dirishani karibu zote, na ndiyo sababu mto wangu umeshonwa kwa ajili ya dirisha kwanza.

Sasa huo mto. Nasema mto wa kulalia, tusije tukachanganya na mto Mara. Wazungu wana mifuko yao ya maharage ya dukani, imeshonwa vizuri, ina nembo, na bei yake inatosha kununua gunia zima la maharage yenyewe. Ukiletewa zawadi, pokea. Ukitaka wa kwako, nenda kwa fundi cherehani na maelezo haya.

Kitambaa kiwe turubai la pamba, lile zito la mahema, au suruali kuukuu ya jinsi. Turubai la nailoni linateleza juu ya bodi na linapiga kelele ya kuchakacha kila ukigusa. Mwombe fundi akushonee mifuko miwili iliyoungana kwa utepe mpana wa kitambaa katikati, mfano wa tandiko la punda: mfuko mmoja unaning’inia nje ya mlango, mwingine ndani, utepe unapanda ukingo wa dirisha. Kila mfuko sentimita 25 kwa 20. Utepe wa katikati uwe na upana wa viganja viwili, na hapo juu ashone kifuko cha tatu, kidogo na chembamba, ndicho lenzi italalia. Mshono urudiwe mara mbili. Zipu iwe upande wa ndani, ifunikwe na ulimi wa kitambaa ili isikwaruze lenzi. Ndani ya kila mfuko kuwe na mfuko mwingine wa merikani wenye kamba ya kufunga. Huo wa ndani ndio unaojazwa. Usidanganyike kujaza choroko kwenye rambo na kulifungia humo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata isingekuwa hivyo, plastiki ndani ya mto inalia kama karatasi ya biskuti, swala wote wakageuka.

Kama hutaki mambo mengi, shona mto mmoja wa kawaida, sentimita 35 kwa 25. Unafaa paani na gotini, na dirishani unakaa pia ukiuvunja katikati. Tandiko linashinda kwenye ile reli nyembamba ya madirisha ya nyuma tu.

Kuhusu cha kujaza nimefanya majaribio kuliko inavyostahili. Maharage makubwa yanaacha mianya, na lenzi ikizunguka kidogo yanagongana, ka-ka-ka. Mahindi ni mabaya zaidi. Mchele unashika umbo vizuri sana na ni mzito, ila ukiloa ni msiba. Ulezi unatoroka kwenye kila tundu la sindano. Mchanga usiujaribu hata kwa mzaha, chembe moja kwenye pete ya kukuzia picha ni fundi na ni hela. Zile punje nyeupe za sponji ngumu ni nyepesi lakini zinabonyea mpaka lenzi ikagusa chuma. Mimi nimekaa kwenye choroko: ndogo, mviringo, inatiririka kama maji halafu ukiikandamiza inatulia. Naichukua soko la Kilombero hapa Arusha. Mara ya mwisho kilo ilikuwa elfu tatu. Tandiko zima linakula kilo tatu na nusu, wakati mwingine nne.

Usijaze likavimba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanaujaza mto ukawa kama mpira wa miguu, lenzi ikikaa inabiringika. Jaza robo tatu. Kipimo changu ni ngumi: piga ngumi katikati ya mto, uondoe mkono. Shimo likibaki na umbo la ngumi, umepatia. Likijirudi lenyewe, punguza vikombe viwili. Ngumi ikigusa meza, ongeza.

Halafu kamba. Hili nimelilipia. Mwaka 2017, ndani ya kreta, simba jike wawili walikuja kulala kwenye kivuli cha gari letu. Ni jambo la kawaida kule chini, uwanda ni mpana na miti haba, gari lililosimama ni mwembe. Mzee mmoja, mgeni wangu, akainama kutoka paani apige picha ya masikio, mto ukateleza, ukaenda pu! sentimita chache kutoka mkiani. Mmoja aliruka akatoa mngurumo ulionikalia tumboni, akaunusa mto, akaupiga kofi moja, akarudi kulala kichwa kikiwa karibu nao. Tulikaa pale saa moja na dakika kumi. Siwezi kushuka, siwezi kuwasha gari nikamkanyaga, siwezi kumwambia mzee kitu. Tangu siku hiyo kila mto wangu una kitanzi kilichoshonwa pembeni, na kamba ya mita moja inayofungwa kwenye bomba la paa au mkono wa mlango. Kabla lenzi haijatoka begini, kamba imeshafungwa.

Kuutumia nako kuna adabu yake. Lenzi kubwa huja na mguu mfupi wa chuma chini, wa kufungia stendi. Ukiwa na mto, legeza pete inayoushikilia, uzungushe mguu ule uangalie juu au ubavuni, ili mwili wa lenzi wenyewe ndio ulale kwenye kitambaa. Usilalie pete ya fokasi wala ya kukuzia. Ukisukuma lenzi zinazunguka zenyewe na utamlaumu fundi wa kamera bure. Tafuta mahali ambapo lenzi na kamera vinalingana uzito, hapo ndipo pa kukalisha. Mkono wa kushoto usiwe chini ya lenzi kama ulivyozoea. Uweke juu yake, kiganja kikilalia lenzi kama unavyomtuliza mtoto asinyanyuke. Uzito wa mkono unaizamisha ndani ya choroko. Pumua nje, bonyeza.

Ile mitambo ya kutuliza picha iliyomo ndani ya lenzi mimi naiacha ikiwa imewashwa nikiwa kwenye mto, maana gari bado linacheza kidogo. Kwenye stendi iliyokaa chini imara, lenzi za zamani nyingi zinataka uizime.

Na gari lizimwe. Haijalishi una kifaa cha milioni ngapi, injini ya dizeli ikiwaka inatetemesha bodi nzima, na bodi inatetemesha mto. Dereva akisahau mkumbushe, hatukasiriki: “Kaka, naomba tuzime kidogo.” Baada ya injini, tatizo ni watu. Sita garini, mmoja anatafuta karanga kwenye begi, mwingine anahama upande, springi zinafanya kazi yake. Mimi huwa nasema, “Jamani, tutulie kidogo,” nahesabu tatu, na kwa sekunde kumi gari linakuwa jiwe. Picha zote zinapigwa ndani ya sekunde hizo.

Faida kubwa ya mto lakini niliielewa siku ile ya tatu Ndutu, na yule dada. Tulimkuta duma juu ya kichuguu, saa moja na nusu asubuhi, tumbo limebana, anatazama swala tomi walio mbali kidogo. Magari manne. Lenzi ya dada ilikuwa Sony ya milimita 200-600, zaidi kidogo ya kilo mbili yenyewe, ongeza kamera. Ukiishika kwa mikono, dakika ya tano bega linawaka, dakika ya kumi unaishusha mapajani upumzike. Duma alikaa juu ya kichuguu dakika hamsini. Alipiga miayo, akajilamba bega, akalala, akaamka. Kwenye gari la jirani niliwaona wakinyanyua kamera na kushusha, kunyanyua na kushusha, mwisho mmoja akaanza kula yai. Dada alikuwa ameegemea tu, shavu kwenye kamera, lenzi imelala kwenye choroko, kama mtu anayesubiri basi dirishani kwake. Duma aliposhuka hakuanza kwa kukimbia. Aliteremsha kichwa, akatembea hatua labda kumi kwenye majani, mwili umenyooka kama kamba iliyovutwa. Dada alikuwa tayari, kamera kaiweka kwenye kasi ya moja ya elfu mbili na mia tano ya sekunde, anabonyeza taratibu. Alipochomoka, wenzetu walikuwa bado wanatafuta alipo. Swala alimkosa, kwa taarifa yenu. Lakini picha ya zile hatua kumi anayo.

Mto una udhaifu wake. Mnyama akikatiza mbio mbele yako, kuuzungusha ni kazi, utaishia kunyanyua lenzi mkononi, na ni sawa. Ndege wa kuruka, hasa, achana nao. Ukiloa ni balaa. Mwezi wa tatu mmoja mvua ilitukuta paa likiwa wazi, nikausukuma mto chini ya kiti nikasahau. Siku ya nne gari linanuka, nafungua zipu, choroko zimeota mikia meupe. Mgeni wa Kikorea akasema kwao hiyo ni mboga nzuri kabisa. Sikumpa. Ukiloa, umwage siku hiyo hiyo, uanike kitambaa, ununue choroko nyingine. Karatu zipo, Mto wa Mbu zipo. Na wahenga wanasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, ila mto ukivuja ndani ya gari nafuu ni ya panya.

Wenye lenzi nzito zaidi, zile za milimita 600 za kilo tatu hadi nne, huja na kitu wanachokiita gimbali. Mimi nakiita bembea, kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi: lenzi inaning’inia kwenye mkono wa chuma, ikishalingana unaizungusha kwa kidole kimoja juu, chini, kushoto, kulia, na ukiiachia inabaki ilipo. Ukiona mtu ana kichwa cha stendi cha gololi, kile cha mpira mmoja unaokazwa kwa skrubu, kwa lenzi kubwa mwonee huruma. Akilegeza skrubu lenzi inaanguka mbele na kumbana vidole. Akikaza, mnyama amehama.

Bembea haikai hewani. Inafungwa kwenye kibano kilichobana bomba la paa, na hapa pana maswali. Bomba la gari lako ni la mviringo au la bapa? Unene gani? Kibano cha dukani kilichopimwa kwa bomba la milimita 40 hakishiki la 60. Magari mengine hayana bomba kabisa, yana ukingo wa bati uliokunjwa. Kwa gari langu nilimpelekea fundi wa kuchomelea kipande cha bomba lenyewe kama kipimo, akanitengenezea kibano cha bapa mbili na boliti nne, juu akachomelea skrubu ya tatu ya nane ya inchi, ambayo ndiyo vichwa vikubwa vingi vinaingia. Robo inchi ni ya kamera ndogo na vichwa vidogo. Usiichanganye, nyuzi zinakufa. Kati ya chuma na bomba weka utepe wa tyubu ya baiskeli, unazuia kuteleza na unakula mtetemo.

Lakini fikiria mara mbili. Bembea kubwa ya kampuni ya Wimberley peke yake inakaribia kilo moja na nusu, kibano kilo nyingine, na ikishafungwa umechagua upande mmoja wa gari. Chui akitokea upande wa pili, utamtazama kwa macho. Kwenye gari la watu sita wanaochanga gharama, mtu mwenye bembea ananuniwa kufikia siku ya pili. Kama gari ni lako peke yako au mko wawili, na lenzi ni ya kilo tatu kwenda juu, ni kifaa kitamu. Chini ya hapo, mfano Nikon 200-500 ya kilo mbili na gramu mia tatu hivi, au Canon 100-500 isiyofika hata kilo moja na nusu, unabeba jembe la trekta kulimia bustani ya mchicha.

Na lenzi isibaki kwenye bembea gari likitembea. Barabara ya rafu ya kutoka Ngorongoro kuingia Serengeti inafungua skrubu ambazo fundi wake alizikaza kwa spana.

Vibano vya kubana kioo cha dirisha sitaki kuviona kwenye gari langu. Mwaka 2016 nilimruhusu mgeni akafunga kimoja kwenye kioo kilichoshushwa nusu, lenzi ya kilo mbili juu yake. Tuliingia kwenye kashimo kadogo, wala si korongo, kioo kikasema tak, ufa kutoka juu mpaka chini. Mwajiri wangu wa wakati ule alinikata kwenye mshahara, miezi miwili. Kioo hakikutengenezwa kubeba kitu. Mgeni alikuwa amesikitika sana, ila kusikitika hakulipi kioo.

Stendi ya mguu mmoja, hiyo nayo ina siku zake. Garini unaweza kuisimamisha kati ya magoti ukiwa umekaa, na watu wengine wanaipenda hivyo paani, mguu ukiwa juu ya kiti. Mimi naiona kweli kwenye mashua na kwenye miguu. Mtoni Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Nyerere, au ziwa Naivasha ukiwafuata furukombe, hakuna pa kulaza mto, na injini ya mashua inatetemesha ubao wote. Usisimamishe mguu wa stendi kwenye ubao. Usimamishe juu ya kiatu chako mwenyewe, au vua kandambili uikunje chini yake. Mwili unameza mtetemo. Magoti yalegee.

Kwa sokwe wa Mahale au Gombe, na masokwe wakubwa (gorila) wa Bwindi kule Uganda, mguu mmoja unakuwa fimbo ya kupandia mlima na kisha stendi. Ukishawafikia muda wako ni saa moja, msitu ni wa giza, utahitaji kushuka hadi moja ya mia ya sekunde au chini, na mikono inatetemeka kwa kupanda. Chagua wa kufunga kwa vibana vya kufyatua, wa kukaza kwa kuzungusha unachelewesha. Kichwa kiwe cha kuinama mbele na nyuma tu, hakuna haja ya zaidi. Na muulize mwongozaji wa pale kwanza. Fimbo ndefu mbele ya sokwe dume ina maana yake, huyo mwongozaji ndiye anayewajua.

Miguu mitatu basi haina kazi? Inayo, usiku kambini, kwa nyota, na mandhari ya alfajiri ukiwa barazani kwa hema lako. Nunua ndogo ya kilo moja na kidogo, inayokunjwa ikaingia begini. Ila kambi nyingi za porini hazina uzio. Nyota unazipiga ukiwa mbele ya hema, askari wa kambi yupo na tochi, na hukai kwenye giza masikio yamezibwa na muziki. Fisi anapenda sana mikanda ya kamera, inanuka jasho na ngozi.

Ukienda kwa ndege ndogo, zile Caravan zinazotua Seronera au Kogatende huko Serengeti, hesabu inabadilika yote. Kikomo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, na kamera inahesabiwa humo humo. Hapo mto mtupu unashinda kila kitu: gramu mia tatu hivi, unaukunja kama khanga. Mwandikie mwenye kambi siku chache kabla akuwekee kilo nne za choroko au mchele jikoni, utazirudisha ukiondoka. Vivyo hivyo ukivuka Namanga au unatoka nje ya nchi: vuka na mto mtupu, jaza ukishafika. Kueleza nafaka yako kwa watu wa ukaguzi wa mimea ni kupoteza asubuhi.

Wenye simu nanyi mnakaribishwa. Mto ule ule, simu ilale kwa ubavu, ishikwe na choroko pande zote mbili, ubonyeze kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikioni kama simu yako inakubali. Kama una darubini, uilaze kwenye mto kwanza, simu uigusishe kwenye jicho lake moja. Nimeona picha ya kifaru ya namna hiyo iliyomfunga mdomo mwenye lenzi ya mamilioni, ingawa pia alikuwa amechelewa kuamka.

Vumbi halina dawa, lina nidhamu. Mto unakaa dirishani siku nzima na unakunywa lile vumbi jepesi la majivu ya volkano la Ndutu. Kila jioni utoe nje, uupige kofi kumi kila upande, mbali na kamera. Lenzi ikiwa juu ya mto na gari linatembea, ifunike kwa khanga. Brashi ya rangi ya inchi mbili, mpya, inatosha kupangusia mwili wa lenzi. Kioo chake usikiguse nayo. Na kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapanda, mnyama aliye mbali ataanza kucheza kama yuko ndani ya maji. Hapo usikaze kitu chochote wala usimlaumu mtu, hewa yenyewe ndiyo inayotembea. Sogea karibu kama barabara inaruhusu, au ule chakula.

Yule dada alirudi Dar na mto wangu, mtupu, umekunjwa ndani ya begi. Alinilipa elfu ishirini na tano na ahadi ya picha ya duma, ambayo imeshafika. Choroko alituachia. Tulizipika Jumapili kwa nazi, na mama watoto alipozichambua akatoa vijiwe viwili na kifuniko cha lenzi tulichokitafuta tangu Tarangire.